Ndoo Mbili za Candiru

Ghala letu liko Oli, nyuma ya mashine ya kusaga muhogo:
mlango wa bati, dirisha moja, nyuki watatu wanne
waliofuata masega yao kutoka Terego
na mpaka sasa hawajakubali kwamba yameuzwa.
Meza ni yangu. Mzani ni wa ushirika;
shairi hili halina mizani, tunao huo mmoja tu.
Programu niliiandika mwenyewe, siku kumi na moja.

Inaanza kwa kuuliza: Jina? Kisha inanyamaza.
Kishale kinapepesa, kinapepesa,
na hakuna kitakachosogea chini yake
mpaka mtu abonyeze kile kitufe kikubwa cha kulia.
Nimeona watu wakiisubiri, nayo ikiwasubiri.

Candiru alifika wa kwanza, ndoo mbili kwenye baiskeli,
moja kilo kumi na mbili, nyingine saba.
Nikaandika 12. Nikaandika 7. Nikaiambia: jumlisha.
Printa ikakohoa, ikatema karatasi:

Candiru, kilo 127.

Ghala zima likacheka. Adriko akashika mbavu.
Mwenyewe hakucheka. Aliikunja risiti mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kitenge,
akauliza, sauti kavu, "Nalipwa saa ngapi?"

Usiku ule nilielewa nilichokariri darasani:
kibodi haijui hesabu.
Kila kiingiacho huingia kikiwa herufi,
moja na mbili zimesimama bega kwa bega
kama watu wasiojuana kwenye foleni ya maji;
si kumi na mbili, bado,
mpaka useme: hii ni namba, igeuze, ndipo uijumlishe.
Na kabla ya kuigeuza, ichuje,
maana Adriko akiulizwa uzito huandika "nzito sana",
Eyotaru huandika "12 na nusu hivi",
na programu isiyo na chujio hufia papo hapo, mdomo wazi,
nta na mabawa vimekwama kooni.

Nikaweka chujio. Nikaitoboa midomo miwili:
mmoja wa matokeo, uende kunakotakiwa,
mmoja wa makosa, uje kwenye skrini yangu peke yangu.
Huo wa pili haungoji. Kosa likizuka, linatoka lilivyo, bichi.
Matokeo ndiyo yenye subira.

Subira hiyo ikaniponza.
Jumatano, watu arobaini na mmoja, risiti kila mtu,
na daftari, nikidhani, linajiandika diskini mstari kwa mstari.
Kumbe mistari ilikuwa inakusanywa kando, kwenye kumbukumbu,
kibuyu kinachongoja kijae kimwagwe mara moja;
uvivu wenye akili, safari moja badala ya arobaini.
Saa tisa na robo umeme ukakatika.
Uliporudi nikalifungua faili.
Lilikuwepo. Jina lake sahihi. Ukubwa wake: sifuri.

Siku tatu nikazunguka Terego kwa baiskeli ya Adriko
nikiomba risiti nizinakili.
Moja ilikuwa ndani ya Biblia, kwenye Hesabu, kwa bahati tu.
Moja ilikuwa imewashia moto.
Moja mtoto aliichorea ng'ombe mwenye miguu mitano,
uzito ukisomeka katikati ya pembe.

Sasa kila mstari nimeufuatishia neno moja: mwaga.
Jioni, kabla ya kufunga mlango, nalifunga faili.

Candiru nilimwacha mwisho. Alikuwa anakoroga enyasa.
"Ya Jumatano imepotea," akasema. "Ninayo hii."
Akafungua pindo, mikunjo minne, wino haujafifia.
Nikamkumbusha: ndoo zako ni zile zile, kumi na tisa.
"Mashine yako ilisema."
Nikala. Tukabishana. Nikala tena.

Tulikubaliana ishirini na moja.
Zile kilo mbili, mpaka leo,
sijui nizitoe kwa mdomo upi.